Nilimwekea Msahafu Ami Shee kwa Ajili ya Udongo

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Ningependa kusema ni shetani, lakini shetani hakusomea udongo. Mimi nimesomea!

Jina langu silitaji. Watu wa Amu, yaani Lamu, watanijua kabla hawajafika katikati ya habari hii, na watu wa Kizingitini wananijua zamani. Wewe usiyenijua ndiye ninayetaka kuzungumza nawe. Nisikilize kama unavyomsikiliza dada yako akikushika mkono jikoni na kukwambia, funga mlango kwanza.

Mimi ni mtu wa dhana. Ndivyo nilivyo tangu utotoni. Nikinunua samaki namtazama jicho, namfunua shavu, kisha namtazama muuzaji usoni nione kama anacheka. Nikipewa chai na mwenye nyumba asinywe, inapoa mbele yangu. Mume wangu wa kwanza aliniacha kwa tabia hii hii, ingawa mpaka leo nina hakika alikuwa na mtu mtaa wa Langoni.

Na kazi yangu ikanizidishia ugonjwa. Kazi yangu ni kuchimba mashimo. Si ya choo wala ya kisima, ni mashimo ya kusoma udongo. Unachimba mpaka kifuani, unakwangua ukuta mmoja wa shimo ukawa safi, kisha unasoma tabaka moja baada ya nyingine. Juu kuna udongo mweusi wenye mizizi na majani yaliyooza, huo tunauita A. Chini yake kuna mwekundu au wa kahawia, mzito mkononi, huo ni B. Ukiteremka unakuta changarawe na mawe yanayomomonyoka, C. Mwisho kabisa ni mwamba, nao una herufi yake, R. Penye mpaka wa tabaka na tabaka unapiga msumari, unafunga utepe mwekundu, na kila tabaka unalibandika kikaratasi chenye herufi yake, unapiga picha.

Tulifundishwa kuwa udongo hausemi uongo. Mimi nikajiongezea kuwa basi na mimi sikosei.

Sasa nikwambie kuhusu shamba. Marehemu baba na dadake, shangazi Mwanaesha, walirithi shamba moja nje ya Kizingitini. Baba alikuwa na upande wa juu, mkubwa, na shangazi upande wa chini, mdogo. Walipeana kwa mdomo tu, hakuna karatasi. Kabla hajafa, baba alinipa mimi upande wake hiba, mbele ya mashahidi. Nilikuwa mdogo, hata juzuu ya kwanza sijaimaliza chuoni. Baba akafa, mama akaolewa Mombasa, akanichukua.

Shamba langu likabaki mikononi mwa shangazi na mumewe. Mumewe ndiye huyo Ami Shee. Mrefu, mkimya, mtu wa kutembea ameinamisha kichwa kama aliyeangusha kitu. Ndiye aliyekuwa akisimamia minazi ya wakfu ya msikiti pale kijijini, maana watu walimwamini. Minazi ilipokua upande wangu, akawa anauza nazi zake na kumtumia mama pesa. Hizo ndizo zilizonilipia ada mpaka nikamaliza chuo kikuu na kurudi Amu kufanya kazi ofisini.

Unaona mtu kama huyo? Na mimi nilikaa nikimshuku!

Mwaka jana zikaja habari kuwa wapimaji watafika kisiwani, mashamba yatolewe hati. Jamani, neno hati lilivyotuvuruga! Watu waliokuwa wakila sinia moja wakaanza kuhesabu minazi. Mimi nikapanda boti nikaenda Kizingitini na sepetu zangu, misumari yangu na utepe wangu, nikamwambia Ami Shee nataka kuchimba mashimo, nijue shamba likoje kabla ya kugawanywa rasmi.

Akatazama chini. "Hapana haja ya kutimba, mwanangu. Wapimaji wakiya watapima kwa yuu. Kule tini kwatakani?"

Hapana haja! Sikiliza neno hilo kwa sikio langu mimi. Mtu asiye na la kuficha anasema hapana haja? Usingizi wangu wa alasiri ile ulikwisha palepale.

Nikachimba upande wangu kwanza. Lo! Udongo mweusi wa kupendeza, kina chake mpaka gotini, laini, unanukia vizuri kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Chini yake mwamba. Nikabandika A, nikabandika R, nikapiga picha nikitabasamu. Kati ya herufi hizo mbili hakukuwa na B wala C. Nikaona, nikapita. Nilisema tu alhamdulillahi, baba aliniachia kitu cha maana.

Halafu nikateremka upande wa shangazi. Nikachimba. Ndugu yangu, nywele zilinisimama. Udongo mweusi haukuwepo! Vumbi jembamba tu juu, na chini yake B, nyekundu, iko wazi kama kidonda kilichobanduliwa kigaga. Nikahama, nikachimba pengine. Vilevile. Nikaenda kutazama minazi ya zamani, nikaona mizizi yake iko nje, imeachwa juu hewani. Shamba lile lilikuwa limekwanguliwa. Mtu alikuwa ameuchota udongo wa juu akaenda nao.

Mpaka hapo sikukosea. Nilichokiona ndicho kilichokuwepo. Kosa lilianza niliposimama ndani ya lile shimo nikajiuliza ni nani, na moyo ukanijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Nilijua udongo mweusi una wanunuzi. Kule Shela kuna majumba ya wageni yenye bustani juu ya mchanga mtupu, na maua hayamei kwenye mchanga. Udongo hupakiwa majahazini ukapelekwa. Na Ami Shee alikuwa na punda. Na nyumba yake ilikuwa imeongezwa chumba cha mawe. Na punda wake walikuwa na makovu mgongoni ya kubeba vitu vizito. Kila kitu kikaingia mahali pake, tena vizuri mno!

Jioni yake nikamuuliza shangazi, kwa ujanja, "Shangazi, wapimaji wakija, nani atachukua upande upi?"

Akaniandalia mkate wa mofa, akasema bila kunitazama, "Pande zote ni mamoya, mwanangu. Ni shamba moya."

Basi! Nikaona mpango wote. Wameuza udongo wa upande wao, sasa upande wao umekuwa kidonda, na kwa kuwa hakuna karatasi watasema shamba ni moja, ligawanywe upya, wapate kipande cha ule mweusi wangu. Nikautazama ule mkate. Sikuula. Nilisema nina tumbo.

Na majirani? Hao nao nikawashuku. Kila nilipopita walinyamaza. Kulikuwa na Bi Rukia, ambaye shamba lake limepakana na letu, mama mmoja wa maneno mengi, mimi nikitokea anaingia ndani na kuwaita watoto wake. Nikasema ahaa, hata huyu amelishwa. Kwa hiyo sikumuuliza mtu yeyote. Hilo likumbuke: sikumuuliza mtu. Hata Ami Shee mwenyewe sikumwita pembeni nikamwambia, ami, udongo huu umekwenda wapi? Adabu ilinitaka nifanye hivyo. Lakini mtu wa dhana haulizi, anaogopa asije akajibiwa vizuri.

Nikarudi Amu, nikaenda kwa Ami Omari, binamu wa baba, ndiye mkubwa wetu sasa. Nikamwambia kuna wizi katika nyumba yetu. Akaniuliza nina hakika? Nikamwonyesha picha kwenye simu. Mzee wa watu hajui A wala B, aliona misumari na nyekundu tupu, akashtuka.

Tukakutana kwake baada ya sala ya alasiri. Wanaume walikaa dakani, kwenye baraza ya kuingilia nyumba, sisi wanawake ndani karibu na mlango, ulio wazi. Shangazi alikuja kwa boti na mumewe, akiwa amevaa buibui jipya, akidhani ni mambo ya hati tu. Alinibusu. Aliniletea ubuyu.

Nami nikasimama mlangoni, mwanamke mbele ya wakubwa wake, nikatoa sinia mbili za udongo nilizobeba. Sinia ya mweusi, sinia ya mwekundu. Nikahutubu! Nikaeleza tabaka, nikaeleza namna A haiwezi kutoweka peke yake, nikaeleza habari za Shela. Nilisema vizuri mno. Ningekuwa nagombea kiti ningechaguliwa.

Ami Shee hakuinua uso.

Ami Omari akamuuliza, "Shee, wasikia? Una la kusema?"

"Sina."

Hapo ningenyamaza, wallahi, mambo yangetengenea. Wakubwa wangezungumza taratibu, siku nyingine, faraghani. Lakini mimi nilikuwa nimekuja na kitu kingine kwenye mkoba. Nilikuja na msahafu.

Wewe wa kwetu unajua maana yake. Usiye wa kwetu, nikueleze: kumwekea mtu mzima msahafu mbele ya watu, tena mtu aliyekulea, tena msimamizi wa mali ya msikiti, ni kumvua nguo. Watu wanaosameheana mambo makubwa hawasameheani hilo. Nikauweka juu ya meza, juu ya kitambaa cheupe. Nikasema, "Ami, apa. Sema hukutoa udongo katika shamba lile, nami nitakuomba radhi hapa hapa."

Nilisikia shangazi akivuta pumzi nyuma yangu. 

Ami Shee akautazama msahafu, akasema, "Siapi."

"Kwa nini huapi?" Nilikuwa karibu kucheka kwa furaha. Ndiyo, furaha, sitakudanganya.

"Kwa kuwa udongo niliutoa. Nimeutoa kwa mikono hii."

Watu wakaguna. Mimi nikasema, "Ukaupeleka wapi?"

"Hilo sisemi."

Shangazi akainuka. "Shee! Waambie! Waambie, au mimi..."

"Mwanaesha!" Hakupaza sauti, lakini sikuwahi kumsikia akimwita kwa ukali hivyo. Shangazi akakaa, akajifunika uso kwa buibui akalia. Na mimi unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, naam, mke anajua, mke alikuwamo, hayo ni machozi ya waliokamatwa.

Ami Shee akasimama. Akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Shamba lote na liandikwe ina lake huyu mwana. La yuu na la tini. Mimi na mke wangu hatuna dai." Akavaa viatu vyake akaondoka, na shangazi nyuma yake. Ubuyu ulibaki kwenye mkeka.

Mambo yalienda haraka baada ya hapo. Maneno yalifika Kizingitini kabla boti yao haijafunga kamba: Shee kawekewa msahafu, Shee kakataa kuapa. Ijumaa iliyofuata akakabidhi minazi ya wakfu. Hakungoja kuambiwa, alisema mtu mwenye neno juu yake hafai kushika amana ya msikiti. Kisha wakafunga nyumba, ile yenye chumba cha mawe, wakahamia Kiunga kwa binti yao.

Mimi nilikula vizuri siku zile. Nikalala vizuri. Nilikuwa napita barabara ya ndani pale Amu kichwa juu, nikijiona yatima aliyedhulumiwa akapata haki yake. Wapimaji wakaja, wakapima, jina likaandikwa moja. Langu.

Mwaka huu nikaamua kujenga birika upande wangu wa juu, la kukingia maji ya mvua, kwa kuwa kisima cha karibu ni cha maji ya chumvi. Nikawaweka vibarua wachimbe msingi. Si shimo jembamba kama langu lile, ni handaki refu, pana, linaloingiwa na jua la asubuhi lote. Nikaingia ndani kutazama kazi.

Nikauona ukuta wa udongo wangu wenyewe, mzima, kwenye mwangaza.

Ule mweusi ulikuwa umekaa juu ya mwamba kama godoro juu ya kitanda. Hapakuwa na tabaka la kati. Udongo wa asili haufanyi hivyo, unabadilika polepole, mweusi unaingia katika mwekundu, mwekundu unaingia katika mawe, huwezi kuupata mpaka wake kwa kisu. Huu ungeweza kuukata! Na ndani ya ule mweusi kulikuwa na madonge mekundu, yamelala ovyo, mahali ambapo hayana kazi. Na kulikuwa na mistari ya mshazari, lundo juu ya lundo, kama mtu aliyemwaga, akaenda, akarudi, akamwaga. Nikachukua siki nikadondoshea pale karibu na mwamba. Mwamba wetu ni wa matumbawe, udongo uliozaliwa juu yake lazima utoe povu ukiguswa na siki. Haukutoa hata tone.

Kisha kibarua mmoja akachomoa kitu kimeoza, akakitupa miguuni pangu. Ilikuwa kipande cha pakacha.

Na sasa nikwambie jinsi mtu anavyoweza kuoza moyo. Wazo langu la kwanza, la kwanza kabisa, lilikuwa: nani amefukia nini hapa? Nikawaambia vibarua wachimbe mpaka kwenye mwamba kotekote, nikidhani kuna kitu kimefichwa chini, pengine ndizo pesa za udongo uliouzwa Shela! Waliniangalia. Wakachimba. Palikuwa na mwamba tu, mweupe, mkavu, una makali, hauna hata ufa wa kupitisha mzizi.

Nikakaa chini. Nikatoa sinia ile ya udongo mwekundu wa upande wa shangazi, nilikuwa bado ninayo, nikaweka donge karibu na donge. Rangi moja. Chembe moja. Nikalowesha yote mawili nikasugua vidoleni, moja.

Nilikwenda kwa Bi Rukia nikiwa na matope mpaka kiwikoni. Safari hii hakuingia ndani. Nikamuuliza pale upande wangu palikuwaje zamani.

Akashangaa. "Kwani wewe hukuyua? Hapo palikuwa mwamba mtupu! Hata mbuzi alikuwa hapati la kutafuna. Babako alipokufa, Shee akaanza kutukua udongo. Atoa kwake tini, amwaga kwako yuu. Kwa mapakacha, kwa punda, kwa kitwa chake. Kaskazi na kusi. Sisi tulimteka mpaka mbavu zikauma. Twamwambia, Shee, wawata shamba la mkeo lina mifupa mitupu! Asema, mali ya yatima, Rukia. Nikifa nitaulizwa, mwana wa shemeji yangu Mohamedi ulimwekeani? Nijibu mwamba?"



"Mbona hamkunambia?"

"Hukutuuliza! Wewe ulikuya na misumari na nyuzi nyekundu, ukaingia shimoni, ukawa wanong'oneza simu. Sisi twayua ni nini? Twalisema huyu mwana wa Mombasa ametumwa na mganga, yuwatia mambo ya uchawi ardhini. Wanangu niliwakataza kupita ndia ile."

"Na habari za msahafu?"

"Tulisikia Shee amekataa kuapa. Tukamuuliza. Akasema, niwateni na yangu. Tukamwata, hatukuuliza tena." Akaongeza, "Alikuwa hataki uambiwe tangu u mtoto. Asema ukiyua, siku moya utadhani wasimangwa."

Unaona? Hakuapa kwa sababu hawezi kuapa uongo, udongo aliutoa kweli. Na hakusema aliupeleka wapi kwa sababu ameupeleka kwangu, na kunitajia wema wake mbele ya watu kwake yeye ni masimango. Mtu huyo nilimpa njia mbili tu, aape uongo au anisimange. Akachagua ya tatu, akaitwa mwizi.

Sikumaliza birika. Nilikwenda Kiunga kwa gari na kwa boti na kwa miguu, njia nzima nikitunga maneno, nikiyafuta. Na bado, ndugu yangu, na bado, humo njiani moyo ulikuwa ukininong'oneza: je, kama Bi Rukia amelipwa aseme hivyo? Nilijipiga kofi mwenyewe, watu wakanitazama.

Nilimkuta Ami Shee amekaa nje kwa binti yake akisuka kamba. Amekonda. Nilipiga magoti kwenye mchanga, nikaanza kulia kabla sijasema. Akaniinua. Hakuniuliza nimejuaje.

"Nishakusamehe zamani, mwanangu. Siku ile ile, kabla ya magharibi."

Nikamwambia nitamrudishia shamba, lote, niende Amu nibadilishe hati, nitaita watu wale wale dakani, nitasema mimi ndiye mwongo. Akatikisa kichwa kwa upole.

"Waite ukitaka. Lakini shamba lako. Mimi sasa sina mgongo." Kisha akaniuliza, "Ile minazi ya yuu, yazaa?"

Nikamwambia inazaa. Akafurahi. Naapa, alifurahi! Uso ukamfunguka kama wa mtu aliyeletewa salamu za mwanawe.

Kisha nikaingia ndani kwa shangazi.

Alikuwa anapepeta mchele. Hakusimama. Nikainama nimbusu mkono, akauingiza ndani ya leso. Nikaongea. Nikaongea sana, nikalia, nikajitukana. Akapepeta mpaka mchele ukaisha, akaweka ungo chini.

"Shee amekusamehe," akasema. "Hayo ni yake na Mola wake, Shee ni mtu wa kheri. Mimi si Shee. Mimi ni ndugu wa babako. Upande ule ulikuwa wangu mimi, wayua? Udongo ule ulikuwa wangu. Alipoanza kuutoa nalimwambia, tukua, mpe mtoto wa ndugu yangu, mimi nitakula mtama mkavu. Nawe ukaya ukamwekea msahafu."

"Shangazi, nisamehe."

"Sijui. Kulla nikikutazama usoni, sikuoni wewe. Nauona msahafu mezani pale. Nenda, mwanangu. Nenda ule, wamekupikia."

Nilikula chakula cha binti yake bila kujua ninachotafuna. Shangazi hakutoka tena chumbani. Hiyo ni miezi sasa. Nimerudi kwake mara kadhaa, anapokea salamu, mkono hatoi.

Watu nimewaita. Dakani kwa Ami Omari pale pale nimesimama nimesema niliyoyasema hapa. Wengine walisikitika, wengine walisema bora umejua, mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli Bi Rukia hakulipwa. Nilimtazama nikajiona mimi. Minazi ya wakfu ina msimamizi mwingine sasa, Ami Shee hataki kurudi. Nyumba yao ya Kizingitini imeanza kuota majani juu ya dari. Chumba kile cha mawe, nimeambiwa, alikiongeza ili nikija na watoto wangu nipate pa kulala. Sijawahi kupata watoto, lakini yeye alikuwa akingoja.

Mimi ndiye mwenye shamba. Juu na chini. Nikienda kuokota nazi naokota peke yangu, watu wananisalimia kwa mbali, na mimi sasa siwezi kujua kama wananichukia au ni dhana zangu.

Ofisini bado wananituma kuchimba. Nikifika shamba la watu, kabla sijapiga msumari, nakaa kwanza na wenyewe, nanywa chai yao yote, nauliza nani alilima hapa, nani alibeba nini kutoka wapi. Wenzangu wanasema nimekuwa mzembe. Wacha waseme.

Nyinyi ambao wapimaji wako njiani kuja kwenu, nawaomba kwa Mola. Kabla hujaita kikao, mwite mtu wako pembeni umuulize, tena uliza ukiwa tayari kujibiwa vizuri. Muulize jirani mwenye maneno mengi. Unapolikagua shamba la mwenzako lione na lako, kwa jicho lile lile, hasa pale linapokupendeza. Na msahafu uache kwenye shubaka lake ukutani. Usimwapishe mtu aliyekulea, hata kama ushahidi wako unang'aa kama jua, maana wangu uling'aa hivyo hivyo.

Na wewe unayesoma haya huku una mtu wako unayemfikiria, unayesema moyoni, pole yake dada huyu, lakini wangu mimi kweli ni mwizi. Mimi pia nilikuwa nina hakika.